Sura ya Saba: Sikukuu Itokayo Ghalani

Swali la kila Desemba

Miongoni mwa maswali niulizwayo na wasomaji wa Bariadi, Maswa na Meatu, hakuna liulizwalo kwa unyonge kuliko hili: tutaandaaje Krismasi ya kutengeneza wenyewe nyumbani, keki zake na mapambo yake, ilhali hatuna oveni, hatuna misonobari, na mwezi wenyewe wa Desemba hutukuta mifuko imekauka? Swali hili lina sehemu tatu. Mbili za mwanzo ni sahali, kwa maana oveni na msonobari vina badala yake, kama tutakavyoona. Bali ya tatu ndiyo iliyobeba uzito wa jambo zima, na aghalabu vitabu vya mapishi huipita kimya, kwa kuwa vimeandikwa na watu ambao duka liko ng'ambo ya barabara na mshahara hutoka kila mwisho wa mwezi.

Mkoa wa Simiyu, uliomegwa kwa sehemu kubwa kutoka Shinyanga mwaka 2012 na kuwekewa makao makuu yake Bariadi, ni nchi ya pamba, na pamba ina kalenda yake isiyoitazama kalenda ya Kanisa. Mbegu huingia ardhini kati ya Novemba na Desemba, mvua zikiwa zimekubali; palizi hufuata mara moja, na haina huruma; kisha mkulima hungoja mpaka Mei au Juni ndipo masoko yafunguliwe na mizani ianze kazi. Kwa hiyo tarehe 25 Desemba huangukia mahali pabaya kuliko pote katika mwaka wa mkulima: fedha za pamba ya mwaka uliopita zimekwisha kwa ada, sare na deni la dukani, za mwaka ujao ziko umbali wa nusu mwaka, mahindi shambani yangali machanga, na jembe linaita kila alfajiri. Mwenye kungoja mwezi huo ndipo aanze kufikiri habari ya keki amekwisha chelewa. Dai langu katika sura hii ni moja tu, nami nitalikazania mpaka mwisho: huku kwetu Krismasi ya nyumbani huanza Julai.

Hata Ulaya hupika kutoka ghalani

Huenda msomaji akadhani kwamba dai hilo ni la kujiliwaza, yaani namna ya maskini kujipa sababu. La hasha. Zitazameni keki zile zenye sifa za Krismasi katika nchi za baridi, mtaona kwamba karibu zote ni vyakula vya akiba: zabibu kavu, maganda ya machungwa yaliyokaushwa kwa sukari, lozi, asali na viungo. Desemba kwao ni kipupwe, ardhi imeganda, hakuna tunda mtini; walichokula sikukuuni ni kile walichokianika jua likiwapo. Waingereza mpaka leo huchanganya keki yao ya Krismasi majuma kadhaa kabla ya siku yenyewe, nayo huzidi utamu kwa kukaa.

Mjini Dresden, nchini Ujerumani, liko soko la Krismasi liitwalo Striezelmarkt, lililoanza mwaka 1434, na fahari ya mji huo ni mkate mzito wa zabibu. Hapo kale mkate huo haukuwa na ladha, kwa sababu siku za Majilio, yaani majuma manne yatanguliayo Noeli, zilikuwa siku za mfungo, na Kanisa lilikataza siagi. Waokaji wakatumia mafuta ya mimea yasiyopendeza kinywani. Wakuu wa nchi wakamwandikia Baba Mtakatifu kumwomba ruhusa, na mwaka 1491 Papa Inosenti wa 8 akawajibu kwa waraka ambao Wajerumani huukumbuka hadi leo kwa jina la waraka wa siagi. Mimi hupenda kisa hiki kwa kuwa huonyesha kwamba hata hao tunaowadhania kuwa na kila kitu walipata kuhangaika na mafuta ya keki kwa miaka mingi.

Na viungo vyao je? Biskuti za asali za Nürnberg hunukia karafuu, iliki na mdalasini, bidhaa ambazo hazioti Ulaya kamwe. Karafuu, ambayo asili yake ni visiwa vya Maluku, ilishamiri Unguja na Pemba katika karne ya 19, enzi za Sayyid Said, na kutoka huko ikasafiri kwa marikebu mpaka kwenye majiko ya watu. Basi harufu ile ambayo wengi wetu huihesabu kuwa ya Kizungu ilipita kwanza katika pua za wachumaji wa Pemba.

Ghala la Simiyu

Nenda Nkololo mwezi Julai, au kijiji chochote kilicho na majabali, utakuta juu ya mawe hayo viazi vitamu vimetandazwa mpaka mwamba hauonekani. Vilivyomenywa vibichi, vikakatwa vipande vyembamba na kuanikwa, huitwa michembe; vilivyochemshwa kwanza, ndipo vikakatwa na kuanikwa, huitwa matobolwa. Mgeni huona kitu kimoja, lakini mwenyeji hawezi kukosea hata gizani: mchembe hukatika kwa mlio mkavu na ladha yake ni ya unga, ilhali tobolwa huwa gumu, lenye rangi ya asali iliyoiva, nalo hutafunwa kama peremende. Tofauti hii ina sababu. Ndani ya kiazi kitamu mna kimeng'enya, yaani kitu cha asili kiharakishacho mabadiliko katika chakula, ambacho kikipata joto la wastani hugeuza sehemu ya wanga kuwa sukari. Kuchemsha kwa moto wa taratibu hukipa nafasi ya kufanya kazi hiyo. Kuanika kiazi kibichi hakukipi.

Mama mmoja wa huko, niliyemkuta akiyafunika matobolwa yake kwenye chungu na kukifunga mdomo kwa kitambaa na kamba, nilimwuliza, baada ya kumwamkia, kwa nini anayafungia kana kwamba ni fedha. "Mwanangu," aliniambia, "nikiyaacha wazi, Krismasi yetu italiwa Agosti."

Busara hii si ngeni kwa Wasukuma, na wala haiishii jikoni. Ngitili, yaani eneo la nyasi na miti linalofungiwa wakati wa mvua ili lilishe mifugo wakati wa kiangazi, ni ghala pia, ila mlango wake ni mpana. Mpango wa serikali wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa kifupi kama HASHI na ulioanza mwaka 1986, ulijengwa juu ya desturi hiyohiyo, na nchi iliyokuwa ikiitwa jangwa ikaota miti tena, Bariadi, Maswa na Meatu zikiwamo. Watu waliojua kumwekea ng'ombe nyasi za miezi sita hawawezi kushindwa kujiwekea kopo la samli.

Nimetaja samli, nayo inastahili maneno yake. Maziwa hujaa wakati wa mvua, nyasi zikiwa tele. Yakigandishwa na kusukwasukwa katika kibuyu, siagi huelea. Siagi hiyo haikai, kwa sababu ina maji, na penye maji vijidudu huishi. Lakini ukiichemsha polepole mpaka povu litulie, mlio wa maji ukome na masimbi yashuke chini, kisha ukaichuja, hupata samli, mafuta matupu yasiyo na maji, ambayo katika chombo kikavu kilichofunikwa vema na kuwekwa kivulini yatakufikisha Desemba bila tashwishi.

Karanga zikae katika maganda yake, katika gunia lililoinuliwa kutoka sakafuni. Hapa sharti nitoe onyo lisilo na mzaha. Karanga na mahindi yaliyopata unyevu huota ukungu utoao sumu kuvu, sumu isiyoonekana kwa macho wala kuondoka kwa kupikwa, ambayo mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Punje iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au yenye harufu ya uvundo itupwe, asipewe hata kuku.

Yaliyobaki ni ya dukani, na hapo pia kuna hesabu yake. Sukari na iliki isiyomenywa hukaa muda mrefu. Basi zinunuliwe siku ile malipo ya pamba yapokelewapo kutoka AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika kijijini, kabla fedha hazijapata miguu. Unga wa ngano haukai. Fukusi huupenda kuliko sisi. Huo ununuliwe Desemba, na kwa kuwa vingine vyote vimo ndani, gharama yake haitamtisha mtu.

Kwa muhtasari, akiba ya Krismasi huwekwa hivi:

- Baada ya mvua, maziwa yangali mengi: samli.
- Mei hadi Julai: karanga katika maganda, na mpunga wa mabonde ya Maswa na Busega ukiwa haujakobolewa.
- Julai na Agosti: michembe na matobolwa.
- Siku ya malipo ya pamba: sukari, iliki, mdalasini.
- Juma la mwisho kabla ya sikukuu: unga wa ngano, mayai, hamira, beking pauda.

Keki isiyojua oveni

Malalamiko nisikiayo kuliko yote ni kwamba keki ya mkaa huungua chini ikabaki mbichi juu. Chanzo ni moto, wala si mkono wa mpishi. Oveni huizunguka keki kwa hewa ya moto pande zote. Jiko la mkaa huichoma nyayo peke yake. Watu wa pwani waliitatua shida hii zamani kwa kupalia, yaani kuweka makaa ya moto juu ya kifuniko, na ndivyo waokavyo mkate wa kumimina hadi leo. Kanuni yenyewe ni rahisi, ijapokuwa wengi huigeuza: makaa mengi hukaa juu, machache chini. Theluthi mbili juu, theluthi moja chini.

Tafuta sufuria kubwa nzito yenye kifuniko bapa. Mimina ndani yake mchanga wa mtoni uliochekechwa na kukauka kabisa, kiasi cha vidole viwili kwenda juu. Mchanga hulipokea joto la makaa na kuligawa sawasawa, lisipige mahali pamoja. Upashe moto kwa robo saa, ndipo uweke juu yake sufuria ndogo yenye mchanganyiko wa keki, ufunike na kupalia. Usifunue kabla ya nusu saa kupita, hata mtoto akililia kuona. Baada ya dakika 40 hadi 50 choma keki katikati kwa kijiti. Kikitoka kikavu, imeiva.

Kipimo nipendacho ni nusu kilo ya unga, robo kilo ya sukari, robo kilo ya samli au siagi, mayai matano, vijiko vinne vya chai vya beking pauda na kikombe kimoja cha maziwa. Piga samli na sukari mpaka vibadilike rangi kuwa vyeupe, tia mayai moja moja, ndipo unga na maziwa kwa zamu. Katika unga huo unaweza kuondoa robo na kutia unga wa michembe, uliotwangwa kinuni na kuchekechwa kwa chekecheo jembamba, lakini usizidishe. Ngano ina gluteni, ambayo ni protini inayovutika kama mpira ikilowa maji, nayo ndiyo hukamata mapovu ya hewa na kuifanya keki iumuke. Kiazi hakina, wala mtama hauna. Ukizidisha utapata kitu kitamu, lakini kizito.

Na badala ya zabibu? Hapa ndipo chungu cha yule mama kifunguliwe. Chukua kikombe kimoja cha matobolwa, yakate ukubwa wa punje ya haragwe, yaloweke usiku kucha katika chai ya rangi iliyopikwa kwa iliki na mdalasini. Asubuhi yatakuwa yamejaa na kulainika. Yachuje, yafute, yagaragaze katika unga mkavu kidogo ili yasizame chini ya keki, kisha yachanganye mwishoni kabisa. Nimewapa keki hii watu waliozoea ile ya zabibu, nao wakaniuliza ni tunda gani. Sikufanya haraka kuwajibu.

Wenye mitungi ya gesi watauliza habari yao, na idadi yao inaongezeka, kwa kuwa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 unakusudia asilimia 80 ya Watanzania wawe wakitumia nishati hiyo ifikapo 2034. Mchanga hufaa kwao vilevile, moto ukiwa mdogo. Ila uso wa keki hautakuwa na rangi, maana hakuna cha kupalia. Nyunyiza karanga za kukaanga zilizosagwa, hakuna atakayegundua.

Kwa ufupi: mchanga mkavu, makaa mengi juu, subira, na ngano isipungue robo tatu ya unga wote.

Visivyohitaji kuokwa

Visheti, kashata na vitumbua vilizaliwa pwani na hula Idi kabla ya kula Krismasi, na katika mji wa Bariadi, ambako jirani Mwislamu na jirani Mkristo hubadilishana sahani katika sikukuu zote mbili, sioni haja ya kuuliza ni vya nani. Huku hatuna minazi. Maziwa ya ng'ombe hushika nafasi ya tui, na vitumbua vya mchele wetu vikipikwa hivyo huwa na ukingo uliokauka vizuri zaidi, ingawa mtu wa Tanga hatakubali.

Kashata ya karanga ndiyo rahisi kuliko zote, nayo huharibika kwa jambo moja tu, uchelewaji. Sukari huyeyuka bila maji katika sufuria kavu, hugeuka rangi ya chai, na kutoka hapo mpaka kuungua ni muda wa kupiga chafya. Karanga ziwe zimekaangwa, zimepepetwa na kuwekwa karibu. Ubao na chupa ya kusukumia viwe vimepakwa samli. Mimina, tandaza, kata ikiwa bado ya moto, kwa sababu ikipoa itakatika ipendavyo yenyewe.

Mapambo kutoka shambani na uani

Katika mapambo yote, pango la Noeli ndilo lenye nafasi kubwa kwetu, na hapa sina budi kukawia. Mtakatifu Fransisko wa Asizi ndiye aliyelieneza, alipoandaa pale Greccio, Italia, mwaka 1223, hori lenye ng'ombe na punda walio hai. Sasa, mtoto wa Kisukuma hufinyanga ng'ombe tangu anapoanza kuchunga ndama. Hahitaji kufundishwa, hujua pembe huanzia wapi na nundu hukaa juu ya mabega, si katikati ya mgongo. Sanamu za plastiki ziletwazo madukani huwa na ng'ombe asiye na nundu, mnyama wa nchi nyingine, na watoto humcheka. Waachiwe wao kazi hiyo.

Shida ni udongo. Ule mweusi wa mbuga hunata na kufinyangika kwa raha, lakini hupanuka ukilowa na kusinyaa ukikauka, kwa hiyo ng'ombe aliyelala mzima jioni huamka na ufa shingoni. Uchanganye na luseni, ule udongo wa kichanga wa mlimani, sehemu moja kwa mbili, kisha mkaushe ng'ombe kivulini siku tatu au nne, akigeuzwageuzwa. Pembe zitiwe mwiba wa mgunga ndani yake kuwa mfupa. Akiisha kukauka hupakwa majivu, chokaa au udongo mwekundu, kwa kadiri ya ng'ombe amjuaye mtoto.

Juu ya paa la pango watu hutandaza pamba iwe theluji. Silikatazi jambo hili, lakini hunishangaza: theluji ni nadra hata Bethlehemu yenyewe, na pamba iliyolipa ada za watoto wa nyumba hii ingestahili kutandikwa ndani ya hori, Mtoto alale juu yake. Ama miti mikavu ya pamba, iliyo na matawi mazuri ya kutundikia vitu, isiingizwe nyumbani wala kuachwa shambani. Wakulima huagizwa kuing'oa na kuichoma baada ya mavuno ili wadudu wasivuke kwenda msimu ujao. Tawi kavu la mgunga lililoanguka lenyewe hufaa zaidi kwa mti wa Krismasi, na miiba yake hukamata mapambo bila uzi.

Nyota hutengenezwa kwa mabua ya mtama: ganda la nje hubanduliwa kuwa vijiti, moyo laini wa ndani hukatwa vipande vya kuviunganisha, sawa na watoto watengenezavyo magari. Wenye sindano ya kufumia wafume nyota za uzi, wazichovye katika uji mwepesi wa wanga wa muhogo na kuzibana juu ya ubao mpaka zikauke. Hukakamaa, na mwaka ujao hufuliwa na kutiwa wanga upya.

Shada la Majilio, ambalo mishumaa yake minne huwashwa mmoja mmoja kila Jumapili, lilibuniwa Hamburg mwaka 1839 na mchungaji Johann Hinrich Wichern kwa ajili ya watoto aliowalea, waliokuwa wakimsumbua kila siku kwa kumwuliza Krismasi ni lini. Shada lake la kwanza lilikuwa gurudumu la mkokoteni. Basi asione haya mtu atakayetumia ringi ya baiskeli iliyokwisha kazi, akaizungushia majani mabichi. Matundu ya spoku hushika nyaya za kusimamishia mishumaa barabara.

Vya kutuma mbali

Nyumba nyingi za Simiyu zina watoto Mwanza, Dar es Salaam au machimboni, na si wote watakaopata nauli ya kurudi. Mabasi huchukua vifurushi. Keki yenye matobolwa husafiri vema kwa kuwa ni nzito, ikifungwa kwa karatasi siku ya pili baada ya kuokwa, si ikiwa ya moto, maana mvuke huilowesha. Kashata zitengwe kwa karatasi kila tabaka. Visheti vikauke shira kabisa kabla ya kuingia boksini, ama vitafika vimekuwa kisheti kimoja. Vitumbua visitumwe. Samli itiwe katika chupa ya plastiki ya kifuniko cha kukaza, nayo isimamishwe, si kulazwa, wala isikae boksi moja na keki. Jina na namba ya simu ya mpokeaji viandikwe pande mbili za boksi, na mpokeaji apigiwe simu siku ileile aambiwe namba ya basi, kwa sababu juma la Krismasi makondakta hawana nafasi ya kumtafuta mtu.